Kwaya, vichekesho na lava katika grupu moja

Grupu la WhatsApp la avenyu yoyote ya Goma, iwe Majengo au Himbi, hupokea kwa siku moja kwaya ya kanisa, kichekesho cha Kinshasa, namna ya kupika sombe, goli la jana, kiwanja kinachouzwa, na milio ya risasi isiyojulikana imerekodiwa wapi. Wako wanaosema mchanganyiko huo ndio ugonjwa wenyewe: habari zikae kwao, michezo kwao. Wengine wanajibu kwamba ukiutoa mchanganyiko, hakuna atakayefungua grupu.

Tuanze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao hudharauliwa bure. Chukua onyo la mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayolala mabondeni upande wa Mugunga, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya, ikaua mbuzi na hata watoto. Ukiliweka onyo hilo katika grupu la maonyo peke yake, baada ya wiki mbili halisomwi. Likipita kati ya kwaya na kichekesho, linaonwa na watu waliokuja kucheka, na hao ndio wenye watoto wanaocheza mabondeni. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo cha abiria Merdi kilichotoka Minova kilipinduka ziwani Kivu karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wa ufukweni wakiangalia. Video iliyochukuliwa kwa simu ilionyesha kinavyolala ubavu hadi kuzama. Iliwafikia wengi kupitia magrupu haya haya ya nyimbo na mzaha.

Wanaotaka habari zitengwe nao wana hesabu yao, nayo inaanza na mega. Video ya mega 5 katika grupu la watu 200, kama simu zote zinajipakulia zenyewe, inakula mega 1,000 kutoka mifuko ya wanagrupu, na wengine hawataitazama kamwe. Dawa ni ndogo: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama ya video kwenye upakuaji wa moja kwa moja. Mega ni hasara, lakini si hasara kubwa. Kubwa ni kwamba kidole kilichozoea kutuma kichekesho bila kuuliza hutuma na video ya lava bila kuuliza.

Hapo ndipo wengi hukosea adui. Wanatafuta video ya uongo, kumbe mara nyingi video ni ya kweli na maneno ndiyo ya uongo. Machi 2021, video ya watu wakichimba mlima huko Luhihi, Kivu ya Kusini, ilizunguka dunia kwa jina la mlima wa dhahabu. Uchimbaji ulikuwepo, na udongo ulikuwa na dhahabu ndani yake, hata serikali ya jimbo ikalazimika kuusimamisha. Mlima uliojaa dhahabu tupu haukuwepo.

Lava nayo ina kipimo chake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 iliishia Buhene, kaskazini mwa mji, kabla ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo video inayoonyesha lava ikiingia ziwani huku imeandikwa 2021 si ya mwaka huo, hata kama moto wake ni wa kweli.

Kosa jingine linalorudiwa kila siku ni jina la faili. Kwenye simu za Android, VID-20250127-WA0003 humfanya mtu aape kwamba tukio ni la 27 Januari 2025. Tarehe hiyo ni ya siku video ilipopita kwenye WhatsApp ya simu hiyo. Inaweza kuwa imerekodiwa miaka kumi nyuma. Ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp huibana na kufuta taarifa za saa na mahali zilizokuwa ndani ya faili. Ukitaka zibaki, itume kama dokima (document), si kama video. Itakuwa nzito, lakini itakuwa ile ile iliyotoka kwenye kamera.

Kuchunguza hakuhitaji mega nyingi. Simamisha video, piga kapture (picha za skrini) tatu: ya mwanzo, ya mahali paonekanapo vizuri, na ya kibao au namba ya gari. Kata maandishi yaliyobandikwa juu, maana hupoteza utafutaji, kisha zipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta mahali picha ilikoonekana mtandaoni. Zisipoleta kitu, geuza picha kushoto-kulia ujaribu tena. Wanaoiba video huigeuza hivyo. Angalia barabara pia. Kongo na Rwanda magari hupita kuume, Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Lakini soma herufi za vibao kwanza, kwa sababu video iliyogeuzwa itakudanganya kuhusu upande.

WhatsApp yenyewe imejaribu kuweka breki. Ujumbe ulioonyeshwa kuwa umesambazwa mara nyingi hutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati, tangu Aprili 2020. Breki hiyo inafanya kazi kwa mtu mvivu. Anayetaka huhifadhi video, huituma upya kutoka kwenye galeri, na alama inapotea.

Ndiyo maana sioni faida ya kutenga magrupu. Bora video ibebe mahali pake ndani yake yenyewe, kwa kuwa maelezo yaliyoandikwa katika ujumbe wa pembeni hubaki nyuma inapotumwa mbele. Kwa mafuriko, moto au ajali, anayerekodi aseme kwa sauti mahali, tarehe na saa, kisha ageuze kamera polepole kwa sekunde kumi kuelekea kitu kisichohama: Rond-point Chukudu, mlima Goma, ziwa.

Kwa vita ushauri huo unageuka hatari, na wanaoutoa ovyo wanapaswa kulijua hilo. Sauti hutambulika kartieni haraka kuliko uso, na pembe ya kamera huonyesha dirisha lililorekodiwa. Hapo usiseme neno. Hifadhi faili ya asili mahali salama nje ya simu, na ukiwa na sababu ya kuitoa, ngoja uwe umeondoka pale, utoe sauti, na ufunike nyuso za waliojeruhiwa na waliokufa, ili mama asije akamwona mwanawe kwanza kwenye grupu la kwaya.