Seva 12, Mlaji Mmoja

Nilipewa kazi ndogo tu: peleka faili hili kwenye seva 12, zile kompyuta zinazohudumia nyingine. Mtu mwenye akili zake angelipeleka moja moja, nusu saa, akaenda kulala. Lakini mimi fundi bwana! Fundi hapeleki kwa mkono. Fundi huandika skripti, amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, ili aokoe nusu saa. Na nimeiokoa kweli, nusu saa hiyo, kwa muda wa siku nne.

Skripti yenyewe mistari sita. Inafungua orodha ya seva, inasoma jina la kwanza, inapeleka faili kwa amri ya scp, inaingia kwenye seva kwa amri ya ssh kuiwasha programu upya, kisha inarudi kuchukua jina linalofuata. Ikimaliza inaandika TAYARI. Nikaiendesha. Ikaguna kidogo, ikaandika TAYARI. Nikamwambia bosi, "Mzee, kazi imekwisha." Nikasimama na kujinyoosha kama aliyelima shamba.

Simu ya kwanza haikuchelewa. Seva ya kwanza ina faili jipya, ya pili haina hata harufu yake, na zile nyingine kumi ndiyo usiseme. Nikaendesha tena. Seva ya kwanza ikapokea tena. TAYARI! Tayari nini? Nani kasema tayari? Nikamtafuta msemaji nimpe vidonge vyake, nikakuta ni mimi. Nililiandika neno hilo mstari wa mwisho kwa mkono wangu, liseme tayari, inyeshe isinyeshe.

Ukikwama hivyo unalaumu mtandao, na mimi nikaulaumu. Kijana wa mtandao akanijibu kwa upole ule unaoudhi: "Kaka, huku kwetu kuko sawa." Hawa jamaa hata nyaya zikitoa moshi, kwao kuko sawa.

Basi nikasema labda ni poti, ile namba ya mlango wa kuingilia seva. Zile seva hazitumii poti 22 kama za watu wengine, zina poti yao ya kujificha, 2222. Na hapa naomba aliyepanga mambo haya anieleze kwa taratibu: kwa ssh, poti inatajwa kwa -p ndogo. Kwa scp, ambayo ni ndugu yake tumbo moja, ni -P kubwa. Ukiiandikia scp ile ndogo haikusahihishi. Inaelewa kwamba unataka tarehe za faili zitunzwe, halafu namba ya poti inaidhania ni faili la kupeleka, inakwambia faili hilo halipo. Mimi nina faili gani linaloitwa 2222? Lakini la poti nilikuwa nimeliandika sawasawa. Asubuhi nzima nimepekua pasipo na kitu.

Siku ya tatu ndipo nikamkamata mwizi. Ni ssh! Skripti inasoma orodha mstari kwa mstari, sivyo? Sasa ssh ikiingia seva ya kwanza, inaona majina 11 yaliyobaki, inadhani ni ya kwake. Inayavuta yote na kuyamwaga kule ng'ambo, ambako hakuna aliyeyaomba. Kitanzi, yaani ile sehemu ya skripti inayorudia kazi kwa kila jina, kikirudi kuchukua jina la pili kinakuta orodha imekauka, kinajiona kimemaliza salama. Hakuna kosa, hakuna kelele. Umealika watu 12, aliyetangulia kakomba sinia zima, na mwenye nyumba anatangaza wageni wote wameshiba.

Dawa yake? Herufi moja. Unaandika ssh -n, yaani ingia, fanya kazi yako, usiguse sahani ya wenzio. Siku tatu za maisha yangu zimeishia kwenye herufi moja, tena ndogo.

Nikaendesha kwa madaha. Seva zote 12 zikakataa! Majina hayajulikani. Nayatazama kwenye skrini, ni yaleyale. Kumbe mwenzangu alikuwa amenisaidia "kuipanga vizuri" orodha kwenye Windows, na Windows huacha kitu kisichoonekana mwisho wa kila mstari. Nilipoiangalia kwa cat -A, amri inayoonyesha hata vilivyojificha, ndipo nikaziona zile ^M zimejipanga, 12, zinanicheka. Nikazifuta. Mwenzangu sikumwambia kitu, maana angetaka kunisaidia tena.

Jioni kila kitu kikapita. Nikaipangia ratiba saa nane usiku na kwenda kulala. Usiku ikagoma: ufunguo wangu wa ssh, ule wa kuingilia seva, una nenosiri, mchana kuna programu inayolikumbuka kwa niaba yangu, na kazi ya ratiba haina habari nayo. Hilo sitalisimulia. Nilitengeneza ufunguo wa kazi hiyo tu, yakaisha.

Siku ya nne nimekuwa mtu mzima. TAYARI nimeifuta. Sasa skripti inalinganisha alama ya sha256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, kila seva, na isipofanana inasema wazi. Nikaendesha huku nimeshika kiti. Ya 12, sawa. Ya 11, sawa. Nilikuwa nimeigeuza orodha makusudi, yule mlafi aanze kuwa wa mwisho kwa mara moja. Ya tatu, sawa. Ya pili, sawa.

Ya kwanza: diski imejaa.

Imejaa nini? Nikaingia kuangalia. Kila nilipojaribu, skripti ililipa faili jina jipya lenye tarehe na saa, na kwa siku tatu mpokeaji alikuwa mmoja tu. Yamo yote mle, hata yale ya saa tisa usiku.