Jumapili zisizo na mvua

Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga, Mei 2024, vijiweni kila mtu aligeuka mhandisi. Makalavati madogo, wakasema. Inawezekana. Ila swali lililonikaa mimi lilikuwa la nyuma zaidi: anayeamua upana wa kalavati anatazama mvua ya miaka mingapi? Akitaka kujua mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 100, na kompyuta yake ina takwimu za miaka 30 au 40 tu, sehemu kubwa ya jibu lake ni kukisia.

Miaka ya kabla ya hapo ipo, lakini kwenye karatasi, tena zilizotawanyika. Za enzi ya Mjerumani, ziko zilizoishia Hamburg, kwenye hifadhi ya idara yao ya hali ya hewa. Mwingereza aliendesha huduma hiyo kwa pamoja kwa Afrika Mashariki, makao yakiwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoirithi ikavunjika 1977. Mashamba ya mkonge na misheni nayo yalikuwa na madaftari yao. Wanaosema tuyasake, tuyapige picha na kuyaingiza kwenye kompyuta wana hoja nzito, maana mchwa wa Lindi hasubiri bajeti. Na kazi inawezekana: mwaka 2020 huko Uingereza, wakati wa korona, watu wa kujitolea zaidi ya 16,000 walinakili mamilioni ya vipimo vya mvua kwa siku 16.

Wanaopinga nao si wajinga. Pesa hiyohiyo, wanasema, ingeweka kituo cha hali ya hewa cha kujiendesha Newala au Liwale, kikamsaidia mkulima wa korosho msimu huu. Mvua ya zama za wakoloni itamfaa nini? Mimi naikubali nusu tu. Kituo kipya kitatupa rekodi ya miaka 50 baada ya miaka 50, na hakuna duka linalouza miaka.

Kinachonitisha ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Niliwahi kukaa siku mbili na daftari la mvua la shamba moja la zamani. Vipimo vya inchi, wino umefifia. 1.07 ni kama milimita 27, mvua ya kawaida tu ya Januari. Nukta ikipotea, na anayechapa akadhani ni milimita, unapata 107, mvua ya kubomoa madaraja. Halafu nikagundua kwamba Jumapili hazikuwa na mvua. Wiki baada ya wiki, sifuri, na Jumatatu namba nono. Karani alikuwa akipumzika. Maji yakakusanyika chomboni, akayapima yote alfajiri ya kazi. Mtu akiona hivyo anacheka na kuelewa. Mashine inayosoma maandishi ya mkono itanakili sifuri kwa uaminifu wote, na Jumatatu itageuka dhoruba.

Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Sasa programu za kusafisha takwimu huitilia shaka namba inayowazidi mno wenzake, na siku ya kimbunga inafanana kabisa na kosa: ama namba ya ajabu, ama nafasi tupu kwa sababu upepo umeondoka na chombo cha kupimia. Ukifuta kila kinachotia shaka, unafuta siku ileile anayoitafuta mhandisi wa Somanga.

Kwa hiyo naunga mkono kazi hii, lakini sikubali tuletewe jedwali safi huku picha zikibaki Ulaya. Picha ya kila ukurasa iambatane na namba zake, na nakala ikae hapa, karibu na wazee wanaokumbuka shamba lile lilifanya kazi siku zipi. Kuchapa kunaweza kuchelewa hata miaka kumi. Kupiga picha hakuwezi. Lile daftari langu, kurasa zake za mwisho, kama ishirini hivi, zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Nilijaribu kuingiza ukucha kwenye ukingo, ukamegeka kama mkate mkavu, nikaacha.