Sanduku la kura halina mdomo

Kwenye vikao vyetu kuna msemo unaomaliza ubishi: wengi wape. Mikono ikishahesabiwa, mwenyekiti anafunga daftari, watu wanatawanyika. Kama ni suala la kisima kichimbwe wapi, sina neno. Ugomvi wangu unaanza pale kinachopigiwa kura ni mtu.

Machi 2000, wapiga kura wa Emmen, karibu na Lucerne nchini Uswisi, waliletewa kijitabu cha majirani wanaoomba uraia. Humo mlikuwa na mshahara wa mwombaji, kodi yake, alikotoka, hata anachopenda kufanya akiwa mapumzikoni. Soma, andika ndiyo au hapana, tumbukiza. Waitaliano wakapita. Waliotoka iliyokuwa Yugoslavia wakapigwa chini. Hebu fikiria kesho yake dukani: muuza mkate anaujua mshahara wako, wewe hujui kama ni yeye aliyekukataa.

Julai 2003 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikasema uraia wa kupigiwa kura ya siri unavunja katiba. Kumnyima mtu uraia ni uamuzi unaomhusu yeye, na anastahili kuambiwa sababu. Sanduku la kura utaliulizaje sababu?

Watu walikasirika: majaji wachache wanapata wapi ubavu wa kuwafunga mikono wananchi? Swali halali, silidharau. Lakini kesi ya ngedere humpelekei nyani. Tena mwaka 2008 wananchi haohao waliulizwa kama utaratibu ule urudishwe, karibu asilimia 64 wakakataa.

Jimbo la Appenzell Innerrhoden, hukohuko Uswisi, ndiko kichekesho, kama si msiba. Kule wakati huo wanaume peke yao walikusanyika uwanjani, upanga kiunoni ukiwa ndio kitambulisho cha mpiga kura, na waliamua kwa kunyoosha mikono. Aprili 1990, ndiyo, 1990, waliwanyima wanawake kura ya jimbo kwa mara nyingine. Novemba mwaka huohuo mahakama ikawapa. Na wanawake wala si wachache, ni nusu ya watu!

Kinachonikera zaidi ni minara ya misikiti. Tarehe 29 Novemba 2009, asilimia 57.5 ya waliopiga kura walikubali ujenzi wa minara mipya upigwe marufuku, na nchi nzima ilikuwa na minne tu. Safari hii marufuku yaliwekwa ndani ya katiba yenyewe, ibara ya 72. Jaji anayepima sheria kwa katiba atashika wapi?

Ndiyo maana ningependa majaji waipitie hoja ya namna hii, ya wananchi kubadili katiba, mapema, kabla hata karatasi za kura hazijachapishwa. Kwa sasa kazi hiyo ni ya bunge, na bunge la nchi, lililoko Bern, liliwashauri wananchi waikatae hoja ya minara, kisha likairuhusu iende kwenye kura.