Somo la kupima programu lisahihishwe kwa hitilafu, si kwa asilimia

Mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima wa somo la kupima programu, akazitaja bila kusita aina zote za majaribio, akachora na piramidi inayozipanga kwa ngazi vizuri kabisa, lakini akashindwa kuandika jaribio moja linalonasa kosa. Lawama naiweka kwenye usahihishaji. Mara nyingi zoezi hupewa alama kwa asilimia ya mistari ya msimbo iliyopitiwa na majaribio, kwa sababu kompyuta huitoa asilimia hiyo yenyewe na mhadhiri hahitaji kusoma chochote. Mwanafunzi naye si mjinga. Umemwomba asilimia, atakupa asilimia.

Chukua kanuni ndogo: anayenunua bidhaa 10 au zaidi apate punguzo la asilimia 5. Aliyeandika programu amekosea: n ikiwa idadi ya bidhaa, ameweka n > 10 badala ya n >= 10. Ijaribu kwa bidhaa 3, kisha kwa bidhaa 50. Kila mstari umepitiwa, matawi yote mawili ya sharti yamepitiwa, ripoti inasoma asilimia 100, na mteja wa bidhaa 10 kamili bado hapati punguzo lake. Tena futa kabisa mistari inayolinganisha matokeo na jibu linalotarajiwa, ubakize kuiita funksheni tu, yaani kile kipande cha programu kinachokokotoa punguzo: asilimia haitashuka hata nukta. Kipimo hiki kinafaa kukuonyesha sehemu ambayo haijaguswa kabisa. Kuhusu ile iliyoguswa, hakijui lolote.

Sasa sogea mpakani. Wengi hupima 9 na 10 wakaridhika, na kweli hiyo 10 inalifichua kosa la hapo juu. Lakini je, kama mwandishi aliteleza akaweka n == 10, yaani 10 kamili tu? Kwa 9 hakuna punguzo, sawa. Kwa 10 punguzo lipo, sawa. Majaribio yote mawili yanapita na programu ni mbovu. Namba iliyovuka 10, kama 11, ndiyo itakayoinasa. Ndiyo maana mpaka mmoja unadai thamani tatu, na mwanafunzi anayeweza kueleza kila namba iko pale kwa ajili ya kosa gani ameelewa somo kuliko aliyekariri ukurasa mzima wa fasili.

Kuna swali ambalo kozi nyingi hulipita kwa haraka, nami naona ndilo kiini cha kazi yote: jibu sahihi linatoka wapi? Kosa la kawaida ni mwanafunzi kuendesha programu, kuona imetoa 47.5, kisha kuinakili 47.5 kwenye jaribio kama jibu linalotarajiwa. Jaribio hilo litapita siku zote, na kama programu ilikuwa na kosa, sasa kosa limepata mlinzi. Jibu liandikwe kabla programu haijaendeshwa, kwa kulikokotoa kwa mkono kutoka kwenye maelezo ya mahitaji.

Pale ambapo mkono hauwezi, hakiki sifa za jibu. Ukipima programu inayopanga namba, hakikisha kila namba haizidi inayoifuata na idadi haijabadilika. Hayo mawili hayatoshi: programu inayofuta kila kitu na kurudisha sifuri tupu, nyingi kama namba ulizoipa, itayapita yote. Lazima uhakiki pia kwamba namba zilizotoka ni zilezile zilizoingia, kila moja mara ileile. Na kwenye namba za desimali usitumie alama ya usawa, 0.1 + 0.2 kwenye lugha nyingi hutoa 0.30000000000000004, kwa hiyo weka kiasi cha tofauti unachokikubali.

Turudi kwenye alama. Mhadhiri aandae programu moja iliyo sahihi na nakala 20 zilizochezewa, kila moja ikiwa na hitilafu moja tu: hapa > imegeuzwa kuwa >=, pale mzunguko umepungukiwa hatua moja, kwingine orodha tupu haikufikiriwa. Wanafunzi wapewe maelezo ya mahitaji peke yake. Seti zao za majaribio ziendeshwe dhidi ya nakala zote, na kila hitilafu iliyonaswa iwe na alama zake. Ile nakala sahihi isisahaulike, maana jaribio linalokataa kila kitu litazinasa zote 20. Seti inayoikataa programu sahihi ikatwe alama, na ikatwe bila huruma, kwa kuwa kazini tahadhari za uongo ndizo zinazowafanya watu waache kuzisoma ripoti.

Nakala hizo si lazima ziandikwe kwa mkono. Zipo zana za kuzitengeneza kulingana na lugha ya programu: PIT kwa Java, mutmut kwa Python, Stryker kwa JavaScript. Tatizo lake ni kwamba baadhi ya mabadiliko hayabadilishi chochote. Kwa namba kamili, n > 9 na n >= 10 ni kitu kilekile, na hakuna jaribio duniani litakalozitenganisha. Asiyeambiwa hili mapema atapoteza jioni nzima akiiwinda nakala isiyonasika. Kwa hiyo usidai asilimia 100 hata hapa. Mtake mwanafunzi aeleze kwa maandishi kwa nini nakala iliyobaki haiwezi kunaswa.

Majaribio yatokanayo na maelezo pekee nayo yana upofu wake. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza hitilafu kwenye utafutaji wa nusu-kwa-nusu (kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kila mara) aliouandika yeye mwenyewe kwa ajili ya maktaba ya Java, ambao ulikuwa umetumika kwa takriban miaka tisa. Katikati ya safu, yaani ya orodha hiyo, ilipatikana kwa (chini + juu) / 2, chini na juu zikiwa nafasi za mwanzo na mwisho wa sehemu inayotafutwa, na jumla hiyo ikivuka 2,147,483,647, kikomo cha namba kamili ya kawaida ya Java, hugeuka kuwa hasi. Safu ikiwa ndogo haitokei kamwe; inahitaji vipengele zaidi ya bilioni moja. Dawa ni chini + (juu - chini) / 2. Darasani hakuna atakayetengeneza safu hiyo, lakini anaweza kuitoa hesabu ya katikati kwenye funksheni yake na kuijaribu kwa namba kubwa mbili.

Na kwa wanaodhani zoezi la darasani haliwezi kuzaa kitu: kurushia programu herufi za ovyo mpaka ianguke, mbinu inayotumika sana leo kwenye usalama, ilianza mwaka 1988 kama kazi ambayo Barton Miller aliwapa wanafunzi wake Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kati ya asilimia 25 na 33 ya programu ndogo za mfumo endeshi wa UNIX walizozijaribu zilianguka au kukwama.

Wiki mbili za mwisho ningezitumia kwa kubadilishana: majaribio ya kundi moja yaendeshwe kwenye programu ya kundi jingine, iliyoandikwa kwa maelezo yaleyale. Kwanza yaendeshwe kwa mpangilio uliovurugwa, maana jaribio linalopita tu likitanguliwa na jingine litajifichua hapo. Kisha ugomvi utaanza. Kundi moja litadai kuwa bidhaa -1 lazima izue kosa, jingine litasema irudishe sifuri. Wafungue maelezo ya mahitaji. Kama hayasemi kitu, hitilafu ya kwanza kuandikiwa ripoti ni ya maelezo hayo, ikiwa na thamani iliyoingizwa, majibu mawili yanayopingana na sentensi inayokosekana.