Moshi wa Pennsylvania, Mapafu ya New Jersey

Mwaka 2010 serikali ya jimbo la New Jersey ilipeleka malalamiko kwa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, dhidi ya mtambo mmoja tu wa umeme. Mtambo wenyewe, uitwao Portland, haukuwa New Jersey. Ulikuwa Pennsylvania, kwenye ukingo wa mto Delaware, na ng'ambo ya mto huo ndipo New Jersey inapoanzia. Ulichoma makaa ya mawe, na mwaka 2009 pekee ulitoa tani zipatazo 30,000 za salfa dayoksaidi, gesi inayodhuru mapafu, kiasi kinachozidi cha mitambo yote ya umeme ya New Jersey ikijumlishwa. Ajira zilikuwa Pennsylvania. Kodi ililipwa Pennsylvania. Moshi ulivuka mto.

Mwaka 2011 EPA iliupa mtambo huo miaka mitatu kupunguza salfa dayoksaidi kwa asilimia 81. Mmiliki alikwenda mahakamani, akashindwa mwaka 2013, na mwaka uliofuata uchomaji wa makaa ukakoma. Baadaye wachumi wa Chuo Kikuu cha Lehigh walichunguza kumbukumbu za uzazi za New Jersey, katika maeneo yaliyokuwa yakipokea upepo wa kutoka kwenye mtambo ule. Waligundua kwamba baada ya kufungwa kwake, watoto wanaozaliwa na uzito mdogo na wanaozaliwa kabla ya wakati walipungua. Akina mama hao hawakuwahi kupiga kura Pennsylvania, wala hakuna mbunge wa Pennsylvania aliyewahi kuhitaji kura zao.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na hoja inayorudi kila baada ya uchaguzi Marekani, kwamba kila jimbo liachiwe lijisimamie hewa yake. Jirani akichoma taka upande upepo unakotoka, fagia uwanja wako mara tatu kwa siku, nguo ulizoanika zitanuka moshi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya mapema vinavyotokana na uchafuzi wa hewa Marekani husababishwa na hewa iliyochafuliwa nje ya jimbo alikokufa mtu. Nusu! Gavana atakayefanya kila kitu sawasawa nyumbani kwake bado atawazika watu waliouawa na maamuzi ya jimbo jingine.

Na kuna historia hapa ambayo inapaswa kusimuliwa mara nyingi zaidi. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliweka viwango vya hewa, na vipimo vikachukuliwa jirani na mitambo. Wenye mitambo wakaona njia nyepesi: kurefusha dohani. Moshi ukitolewa juu sana, hewa ya kijiji kilicho chini inapimwa na kukutwa safi. Mtambo wa Homer City, Pennsylvania, ulijengewa mwaka 1977 dohani yenye urefu wa mita 371, juu kuliko mnara wa Eiffel. Hadi mwaka 2010, wakaguzi wa serikali kuu walihesabu dohani 284 zenye urefu wa futi 500 au zaidi kwenye mitambo ya makaa ya mawe nchini humo. Vipimo vya jirani vikapendeza. Lakini salfa iliyopandishwa juu ilisafiri mamia ya kilomita, ikageuka njiani kuwa chembechembe laini na tindikali, ikashuka na mvua juu ya milima ya Adirondack huko New York, juu ya majimbo ya New England kaskazini-mashariki, na hadi Kanada. Maziwa yakabaki na maji maangavu yasiyo na samaki. Sheria ilikuwa imetimizwa, na uharibifu ulikuwa umehamishiwa kwa mtu mwingine.

Kilichobadilisha mambo ni hatua ya serikali kuu. Mwaka 1990 Rais George H. W. Bush, mtu wa chama cha Republican, alitia saini marekebisho yaliyoweka kikomo cha salfa dayoksaidi kwa mitambo yote ya umeme kwa pamoja. Kila tani ilihitaji kibali, na aliyepunguza zaidi aliweza kumuuzia mwenzake vibali vilivyobaki. Wenye viwanda walionya kwamba gharama ingeangusha uchumi. Gharama halisi ilikuja kuwa chini sana ya walivyotabiri. Mwaka 1990 mitambo hiyo ilitoa karibu tani milioni 15.7, kufikia 2019 ilitoa chini ya tani milioni moja. Katika baadhi ya maziwa ya Adirondack samaki aina ya trauti wamerudi, ingawa polepole, kwa kuwa udongo uliopoteza kalisi yake kwa miongo kadhaa haurejei upesi.

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya gesi asilia iliyoshuka bei, si ya sheria. Gesi imesaidia, tena sana, hasa baada ya 2008. Lakini awamu ya kwanza ya vibali ilianza 1995, na uchafuzi wa mitambo iliyoguswa ulishuka mwaka huohuo. Gesi rahisi ilikuwa bado miaka mingi mbele.

Kinachoniudhi zaidi ni habari ya Maryland. Sisi tunaoishi Baltimore tunayajua matangazo ya kiangazi: leo hewa iko kwenye kiwango cha tahadhari cha rangi ya chungwa, wenye pumu, watoto na wazee wapunguze shughuli za nje. Hiyo ni ozoni ya karibu na ardhi, inayodhuru mapafu, nayo hutengenezwa jua linapopiga oksidi za nitrojeni, gesi zinazotoka kwenye moshi, zikiwa zimechanganyika na mivuke mingine ya kemikali. Mwaka 2006 Maryland ilijitungia sheria kali, na mitambo yake ikafungwa vifaa vya kusafisha moshi. Hata hivyo jimbo linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya ozoni yake hutoka nje. Mwaka 2016 likailalamikia EPA kuhusu vitengo 36 vya kuzalisha umeme kwenye mitambo ya majimbo matano: Indiana, Kentucky, Ohio, Pennsylvania na West Virginia. Maryland haikuomba kijengwe chochote kipya. Mitambo hiyo ilikuwa tayari na vifaa vya kuondoa oksidi za nitrojeni, vimenunuliwa na kufungwa, ila havikuwa vikitumika ipasavyo wakati wa kiangazi. Kuviendesha kunahitaji amonia, na amonia ni pesa. Vibali vya kutoa oksidi hizo, vinavyouzwa kama vile vya salfa, vilikuwa na bei nafuu zaidi. Mwaka 2018 EPA ilikataa ombi hilo. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na waliopumua gharama yake ni watoto wetu.

Mahakama nazo zimechelewesha. Kanuni ya mwaka 2011 kuhusu moshi unaovuka mipaka ya majimbo ilifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2012, ikafufuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014 kwa kura sita dhidi ya mbili. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika hukumu hiyo, alinukuu Injili ya Yohana: "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda." Miaka kumi baadaye, Juni 2024, mahakama ileile, ikiwa na baadhi ya majaji wapya, ilisimamisha kwa kura tano dhidi ya nne mpango mpya wa EPA wa kuzuia moshi unaovuka mipaka, ulioitwa wa ujirani mwema, uliogusa majimbo 23. Machi 2025 EPA yenyewe ikatangaza kwamba inaupitia upya mpango huo.

Upitieni, lakini msiwaambie watu wa Maryland na New Jersey wakajisafishie wenyewe. Vipimo vya moshi kwenye dohani za mitambo mikubwa vinarekodiwa kila saa na kuwekwa wazi kwa umma, kwa hiyo EPA inajua ni mtambo upi una kifaa na haukiwashi. Iweke sharti ndani ya leseni: kifaa kiendeshwe kila siku mtambo unapofanya kazi, kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba, na faini ya kutokiwasha izidi bei ya amonia.