Siku Nilipoteleza Mikononi mwa Mkandaji

Kosa langu lilitokana na adabu. Kwa miezi kadhaa shingo yangu ilikuwa imekakamaa kwa kuinamia kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, hata mtu akiniita kwa nyuma nililazimika kugeuka mwili mzima kama mlango. Nilipopata miadi ya kukandwa kwa njia ya kulegeza fashia, yaani ule utando unaoizunguka misuli, niliona si vizuri kumwachia mtaalamu kazi yote. Kila masaji niliyowahi kusikia habari zake ilihitaji mafuta. Basi nikajipaka mwenyewe nyumbani, kuanzia kisogoni hadi visiginoni, mara tatu, nikabakiza sehemu moja tu isiyozidi ukubwa wa kiganja, katikati ya mabega, ambayo mkono wangu haukuifikia. Niliisikitikia sehemu hiyo.

Mtaalamu alikuwa mzee mpole wa sauti, mwenye vidole vilivyonikatisha tamaa kwa wembamba wake. Kabla ya kunigusa alinihoji kwa utaratibu: je, natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nimewahi kupata damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu? Mifupa yangu ni dhaifu? Nina homa, kidonda kibichi, saratani, au mfupa uliovunjika karibuni? Alieleza kwamba mwenye hali kama hizo hakandwi mpaka daktari aridhie, na wengine hawakandwi kabisa. Nilijibu "hapana" mara nyingi hivi kwamba nilianza kuona haya, kama mgeni aliyekuja mikono mitupu. Kuhusu mafuta hakuuliza. Nadhani katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona haja ya kuuliza.

Nikalala kifudifudi. Akaweka kiganja kiunoni mwangu, akakandamiza polepole kuelekea mabegani, nacho kiganja kikachomoka kwa kasi na kuishia kwapani. Mimi ni mwepesi mno wa kutekenyeka. Nilicheka kwa sauti ambayo bila shaka iliwafikia waliokuwa wakisubiri nje, na sijui walidhani ni tiba gani inayotolewa humo ndani. Akajaribu tena, safari hii kwa mikono miwili. Mmoja ukaelekea kaskazini, mwingine kusini.

"Mwanangu," akasema huku akikitazama kiganja chake kwenye mwanga, "nani amekupaka?"

"Nimejipaka mwenyewe, mzee. Nilitaka kukupunguzia kazi."

Hakunikaripia. Alilichukua shati langu, ambalo nalo lilikuwa limelowa, akalitundika msumarini, akalivuta pindo upande mmoja, na kola ikapinda. Fashia, akasema, ni kama shati hilo, ila haivuliwi: ni mfumo mmoja wa nyuzi za kolajeni, yaani protini imara ya mwilini, unaofunika kila msuli, unaopita kwenye mifupa, neva na viungo vya ndani, na tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kwa majimaji yaliyomo kati yake. Mtu akiumia, akipasuliwa, au akikaa mkao mmoja siku nzima, mtelezo huo unaweza kupungua, na mvuto wa pindoni ukasikika kolani. Mkandaji wa kawaida hupaka mafuta kwa sababu anataka mikono ipite juu ya misuli. Katika kazi hii mkono sharti uinase ngozi, uivute taratibu pamoja na kilicho chini yake, kisha utulie hapo. "Ndiyo maana tunataka ngozi kavu," akamalizia. "Wewe leo nakushika kama kambare."

Alinifuta kwa taulo 3, kisha akaniomba nigeuke chali. Kitanda kilikuwa kimefunikwa kwa ngozi laini ya bandia. Niligeuka vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba sikukoma kugeuka, na nilipotulia nilikuwa sakafuni nimejiviringisha ndani ya shuka, naye mzee ameushika mguu wangu wa kulia, au tuseme alikuwa ameushika, kwa maana nao ulikwisha mponyoka.

Tulipokuwa tukishauriana namna ya kunirudisha juu ndipo alipokiona kile kisiwa cha ngozi kavu katikati ya mabega. Uso wake ukang'aa. Akanilaza tena kifudifudi, akaweka vidole vyake hapo, akavuta kidogo sana, akanyamaza. Dakika ya kwanza nilisubiri kazi ianze. Dakika ya pili nilidhani amesinzia. Dakika ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Nasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Wewe. Unabishana nami kwa mabega."

Niliacha kubishana, na muda si mrefu nikasikia kitu kikilegea chini ya vidole vyake. Nikamwambia kwamba bila shaka ameiyeyusha fashia yangu. Akakataa sifa hiyo. Mwaka 2008, alisema, watafiti walikokotoa kwa hisabati nguvu inayotakiwa kuibadili fashia ngumu, kama ile ya pajani na ya unyayoni, hata kwa asilimia 1 tu, wakakuta inazidi uwezo wa mikono ya binadamu. Anaona inaelekea zaidi kwamba kinachobadilika ni mawasiliano ya neva: ndani ya fashia mna vipokezi, yaani ncha za neva zinazohisi mguso na mvuto, vikiwemo vile vilivyopewa jina la Angelo Ruffini wa Italia, ambavyo huitikia mvuto wa polepole, na ubongo ukishapata habari hizo huipunguzia misuli ukakamavu. Mkando huu, alisema, huwasaidia baadhi ya wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo au shingo, na wengine wenye maumivu yaliyosambaa mwili mzima, lakini nafuu si kubwa kwa kila mtu, na asiyefanya mazoezi hurudi palepale. Nilimpenda kwa unyofu huo, ingawa ningependelea kuambiwa nimeyeyuka.

Shingo ilipata nafuu ya kutosha kuniwezesha kutazama nyuma na kuona hali niliyokiacha nacho kitanda chake.

Juma lililofuata nilirudi nikiwa nimeoga kwa sabuni mara mbili. Mzee alinipokea mlangoni, na kabla ya kuitikia salamu yangu akanigusa mkononi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu ukuta uliopakwa rangi jana.