Mteremko ni Mkopo

Mimi nimezaliwa Malindi. Nalitaja hili mapema ili mjue kosa lilianzia wapi. Kwetu baiskeli unaendesha huku umeshika mkate mkono mmoja na unaamkia wazee kwa mkono wa pili. Hadi natimiza miaka ishirini, kilima kikubwa nilichokijua ni rundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga. Kwa hivyo shemeji aliponiuliza, "Wewe unajua kuendesha baiskeli?" nilimjibu ndiyo, tena kwa dharau kidogo.

Huyu shemeji ni kitinda mimba wa kina mke wangu, Mama Neema. Ana baiskeli nyepesi, ukipiga chafya karibu nayo inaanguka. Bei yake siwezi kuitaja hapa, maana Mama Neema husoma. Yangu niliinunua Gikomba, mtumba, chuma kitupu, na nyuma ina kariya ya kufungia mzigo. Muuzaji alinihakikishia ina gia kumi na nane. Ni kweli zipo. Zinazofanya kazi ni tatu, hizo nyingine zimetundika koti kitini zikaenda zake.

Mpango ulikuwa kwenda ukweni, Kangema, kaunti ya Murang'a. Mtu na akili zake huenda ukweni kwa matatu, amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana sukari na mkate. Shemeji akasema hapana, tutajitia mwendo, tuone mabonde, tupunguze vitambi. Alisema "vitambi" kwa wingi ilhali chake hakipo.

Tukatoka Githurai, Nairobi, saa kumi na moja alfajiri. Thika Road iliyofunguliwa 2012 ilijengwa na njia ya baiskeli pembeni, na mimi nashukuru sana, kwa sababu bila njia hiyo sijui wachoma mahindi wangeweka wapi majiko yao. Pia nimejua kwamba bodaboda anayekuja upande usio wake ndiye anayekupigia honi, na anakutazama kwa uchungu kama wewe ndiye umepotea. Lakini hadi Thika nilikwenda kama mfalme. Upepo usoni, miguu imetulia. Nikamwambia shemeji, "Kumbe kazi ni hii tu?" Akacheka. Kicheko kile ningekichunguza mapema ningelala nyumbani.

Nairobi iko juu kuliko Thika. Mimi sikuwa naendesha, nilikuwa namwagika.

Kutoka Thika ziko njia mbili. Ile ya lami kubwa inapitia Kenol, watu wote wanaijua, hata mbuzi wanaijua. Shemeji akachagua njia ya ndani: Gatanga, Kandara, Kigumo, halafu Kangema. Kwenye simu yake mstari ulikuwa mnyoofu kabisa. Simu haina mapaja.

Nieleze ile ardhi ilivyo, maana nimeilipia. Mito yote ya upande ule inatoka milima ya Nyandarua, yaani Aberdare, inashuka kuelekea mashariki hadi inaingia Tana. Chania, Thika, Maragua, na vijito kadhaa katikati ambavyo sikuvisalimia. Kila mto umejichimbia bonde lake, na kati ya bonde na bonde pana mgongo wa ardhi ambako watu wamejenga. Sasa chukua bati la paa. Ukifuata mikunjo yake kwa urefu, unateleza raha mustarehe. Ukilikata kwa upana, utahesabu kila mkunjo kwa magoti. Shemeji yangu mwenye digrii alichagua upana.

Mteremko wa kwanza nilipiga kelele za furaha kama mtoto. Daraja jembamba, maji yanang'aa, migomba pande zote. Nikavuka. Halafu mbele yangu barabara ikasimama wima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mteremko ni mkopo wa simu. Unaingia sekunde moja, unatabasamu, unamnunulia kila mtu soda. Muda si muda unaanza kudaiwa, na riba juu. Kufika mgongo wa tatu nikiona barabara inashuka nilikuwa nafunga breki na kulia.

Sikuhitaji mtu kuniambia tumepanda kiasi gani, mazao yaliniambia. Thika ni mananasi, hapo bado unapumua na kupiga soga. Yakifuata mashamba ya kahawa, soga inakwisha. Ukianza kuona chai, ile kijani ya kulala kama zulia, jua umefika mahali ambapo hewa inagawiwa kwa mgao.

Na watu wa kule wana neno moja ambalo serikali ingelipiga marufuku. "Ng'ambo." Unauliza njia, unaambiwa, "Ni hapo tu, ng'ambo." Na kweli unapaona! Unaliona kanisa, unamwona mama anaanika nguo, ukimwita anaitika. Saa moja na nusu baadaye ndiyo unafika, na nguo zimekauka, ameanua. Kwetu pwani ng'ambo ni Uarabuni, unapanda jahazi na kuaga jamaa. Mimi nasema bora jahazi.

Shemeji akataka tupitie Ndakaini tuone bwawa. Nikaliona. Lilimalizwa mwaka 1994, linazuia mto Thika, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka humo. Watu wengine pale walikuwa wanapiga picha. Mimi nilisimama na kulitazama kama mtu aliyemfumania mdeni wake hotelini. Mfereji wangu Githurai hutoa maji Jumanne usiku, tena kwa kukohoa. Kumbe yako hapa yamejaa tele, yanapunga upepo! Nikateremka ukingoni nikanawa uso. Angalau wiki hiyo nilinawa bila kubeba mtungi.

Mlima wa baada ya hapo nilikutana na shosho mmoja, bibi kizee, mgongoni amebeba majani ya ng'ombe, kamba imepita kwenye paji la uso. Tukaenda sako kwa bako, yeye kwa miguu, mimi juu ya baiskeli. Akauliza natoka wapi, nimeoa kwa nani, nina watoto wangapi, na kwa nini nimevaa nguo ya ndani peke yake. Ilikuwa suruali fupi ya kubana, ya baiskeli, ina kigodoro kwa ndani. Nilitaka kumweleza lakini pumzi haikutosha sentensi. Nikasema, "Shosho... ni... michezo." Akanipa pole.

Nyuma yetu alikuwapo kijana wa bodaboda. Alinifuata mlima mzima gia ya kwanza, kama yule fisi anayemfuata mtu akitumaini mkono utadondoka.

"Mzee, nikubebe na hiyo baiskeli yako?"

"La."

"Mia mbili tu."

"Nimesema la, kijana."

Kona iliyofuata ilikuwa kali zaidi. "Mia tatu," akasema. Bei ilikuwa inapanda pamoja na barabara. Cheni yangu ilipochomoka mara ya nne tukaafikiana mia tano, na nikamshukuru kwa mikono miwili. Nikaketi nyuma, baiskeli begani. Tukampita shemeji akikanyaga amejikunja kama kamba wa baharini. Nikampungia mkono.

Karibu na boma nikashuka, nikachomoa kikoi changu mkobani, nikajifunga hadi vifundoni. Mtu hawezi kumkabili mama mkwe na kigodoro. Nikaingia nikisukuma baiskeli kwa heshima zote, macho chini. Mama mkwe akanipokea, akanitazama kuanzia kikoi kwenda chini.

"Karibu, Baba Neema. Tumepigiwa simu kwamba unakuja na nguo za ndani. Afadhali umejifunga."

Nikapewa chai, nduma, na mukimo wa kuzika mtu. Usiku miguu yangu iliendelea kukanyaga pedeli kitandani, ikampiga teke shemeji mara mbili, na sikuomba radhi.

Asubuhi nikaulizia matatu. Shemeji akasema haifai, kurudi hadi Thika ni kuteremka tu. Nikamtazama yule mkopeshaji. Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe alikwisha toka jikoni, akaizunguka baiskeli nyepesi ya shemeji, akaitikisa, akaiacha. Akaja kwangu.

"Hii ya Baba Neema ndiyo baiskeli. Ina kariya."

Ukweni hakutokwi mikono mitupu, na mkwe hakatai. Wakafunga mkungu wa ndizi nyuma, mfuko wa parachichi kushoto, mwingine kulia, na jogoo mzima kwenye kikapu mbele, kichwa nje. Tukaaga. Nikateremka bonde la kwanza nikiwa sina breki ila dua. Tukavuka daraja. Barabara ikasimama wima.

Jogoo akautazama mlima. Akageuka akanitazama mimi. Akafumba macho.